Filamu ya Silanga na Jina Lililorukwa

Kathonzweni
13 Juni 1999

Mjukuu wangu Mumbua,

Pokea salamu nyingi kama mchanga wa mto Athi, maana mchanga tunao, maji ndiyo ya kutafuta. Sote tu wazima isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halijaokoka na hunisumbua hasa siku za kwenda kanisani. Ng'ombe amezaa ndume. Babu yako anasema ndama huyo amefanana na yeye, nami sikubishana. Mama yako alipita hapa na sukari, akaniambia umepata kazi huko Kitui kwa Roble, yule Msomali wa duka la redio, na kwamba unakaa mbele ya kompyuta mchana kutwa. Mimi nilifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na sita nikiwa nimesimama. Haya, kila kizazi na viti vyake.

Sasa jambo lenyewe. Unaijua silanga yetu, bwawa hilo tunaloteka maji. Mwaka wa 1969 tuliichimba sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, kwa jembe na karai, bila hata trekta moja. Mzungu wa mambo ya maji akaja na kamera akatupiga filamu. Sasa amefariki huko kwao, na binti yake amekuta mikebe mitatu ya filamu hiyo akaituma kwa posta hadi kanisani. Hapa hakuna mashine ya kuionyesha. Jumamosi tarehe 11 Desemba silanga inatimiza miaka thelathini. Kutakuwa na sherehe, na kamati, ambayo mwenyekiti wake ni mimi, imeamua filamu ionekane siku hiyo.

Mikebe nimempa dereva wa basi, atakuletea. Pasta Mulei ana mashine ndogo ya kuchezesha sahani za kung'aa. Shule ya wasichana ina kompyuta moja ya msaada. Chifu ana video ya kaseti. Itengeneze iweze kuingia kote, kwa sababu hatujui siku hiyo ni mashine gani itakayoamka na nia njema.

Na uhakikishe ninaonekana vizuri. Watoto wa siku hizi hawaamini kwamba kwenye silanga ile sikupumzika hata dakika moja.

Ni mimi bibi yako,
Ndila


Kitui
11 Julai 1999

Susu mpendwa,

Salamu zako zilifika, na mikebe pia, ikiwa na harufu ya vitunguu vya dereva. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Mwambie babu apige picha na huyo ndama nilinganishe mwenyewe. Mimi sijambo. Chumba nimepata karibu na soko, na mama mwenye nyumba ni mkali kama wewe, kwa hivyo najisikia nyumbani.

Filamu ni nzuri sana, Susu. Roble aliazima projekta ya zamani, tukaiangaza filamu kwenye karatasi nyeupe ukutani, nami nikaichukua upya kwa kamera ya video na kuiingiza kwenye kompyuta. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Dakika thelathini tu ziliijaza kompyuta mpaka barua za biashara za Roble zikakosa pa kukaa. Ikabidi niifinye. Kufinya filamu ni kama kupika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa: unaweka asubuhi, inaiva jioni, na stima ikipotea unaanza tena na maji baridi. Ilipotea mara mbili.

Ukitaka kujua inavyofinywa, ni hivi. Mashine haiandiki kila picha. Inaandika picha ya kwanza, halafu katika zile zinazofuata inaandika kilichobadilika tu. Kwa hivyo mtu aliyetulia huonekana safi kabisa, na anayekwenda mbio hugeuka miraba miraba. Usishangae ukiona jembe limekuwa matofali.

Nimeifinya mara mbili. Sahani iliyoandikwa P ni ya pasta. Iliyoandikwa S ni ya shule, na hiyo picha yake ni ndogo kama kitambulisho, kwa sababu kompyuta ile ni mzee na ikipewa picha kubwa itakwama. Kaseti ya chifu itafuata.

Susu, yule mwanamke mrefu mwenye pengo na kitambaa cha madoadoa ni nani? Kila mahali ulipo, naye yupo. Mnabeba jiwe moja kwa machela, mnacheka.

Wako,
Mumbua


Kathonzweni
1 Agosti 1999

Mjukuu wangu,

Sisi hatujambo, goti ni lile lile. Mbaazi zimekauka vizuri na ukija utapata gunia lako. Mama mwenye nyumba wako msalimie, nimempenda kabla ya kumwona.

Sahani ya pasta imekataa. Aliiweka, mashine ikazunguka, ikaandika kwamba ndani hamna kitu. Akaipangusa kwa shati, mimi nikaiosha kwa sabuni ya unga, bado. Sikuona sababu ya kuitupa. Nimeining'iniza kwenye mtama na ndege wamelihama shamba langu, wamekwenda kwa jirani.

Ile ya shule ilikubali. Tulisimama wanawake sita nyuma ya kompyuta moja, tukasukumana kama kuku. Nthenya alijiona akalia. Lakini, Mumbua, sauti iko wapi? Sisi tuliimba pale silangani tangu asubuhi mpaka jua la utosi! Midomo inaonekana ikifunguka na hakuna kitu kinachotoka. Nilijua tu. Umeifinya mno mpaka sauti ikamwagika. Mtu akikamua nguo sana hutoa na rangi. Rudia kazi, na safari hii uwe na mkono mwepesi.

Bibi yako,
Ndila


Kitui
22 Agosti 1999

Susu mpendwa,

Nimecheka mpaka Roble akaja kuangalia kama ninaumwa. Anakusalimu na anasema sahani ya kufukuza ndege ni bei ile ile. Kuhusu mashine ya pasta, anasema mashine nyingine hukataa sahani zilizoandikwa dukani kama zetu. Ameagiza za aina nyingine kutoka Nairobi, tutajaribu tena.

Lakini sauti sikuimwaga, naapa. Haikuwamo. Kamera ya yule mzungu ilikuwa na macho bila masikio. Nimeiangalia filamu yenyewe pembeni, mahali ambapo sauti hukaa, ni patupu.

Ila kuna dawa. Imbeni. Tafuteni redio yenye kurekodi, mwimbe wimbo ule ule wa siku ile, mniletee kaseti nami nitaushona kwenye picha. Kwa mdomo ninaona kwamba aliyeanzisha wimbo ni yule mwanamke mrefu. Hukunijibu, Susu. Ni nani?

Wako,
Mumbua


Kathonzweni
19 Septemba 1999

Mumbua,

Salamu. Ndama amejifunza kuvuka ua na amekula nusu ya kitambaa cha meza ya Komunyo kilichokuwa kimeanikwa. Pasta amesamehe, babu yako bado anacheka. Nimenunua viatu vipya vya sherehe, vinabana, lakini hadi Desemba mmoja wetu atakuwa amelegea. Mvua tunaingoja.

Tulijaribu kuimba. Tuliazima redio ya Nthenya, tukakaa chini ya bati la kanisa, tukaimba kiitikio vizuri sana. Shida ni kwamba wimbo ule una mwanzishaji. Yeye humwita kila mwanamke kwa jina na kuuliza ameleta nini leo, na sisi tunajibu: ameleta karai, ameleta mgongo, ameleta mtoto na jembe. Tulikuwa wanawake ishirini na watatu, na kila mmoja alikuwa na mstari wake. Aliyechelewa kazini hakuitwa mpaka awapikie wenzake. Mistari hiyo hakuna anayeijua. Tulipomaliza kiitikio mara nne tukatazamana tu.

Kwa hivyo kamati imeamua kutumia wimbo wa kitabu cha nyimbo. Nimekutumia kaseti. Tumeimba beti zote sita.

Mwanamke mrefu ni watu tu wa hapa.

Ndila


Kitui
17 Oktoba 1999

Susu mpendwa,

Hapa kwetu wazima. Roble amepata mtoto wa kike, amemwita Timiro, na wiki nzima duka limejaa halwa. Mvua imegusa kidogo upande huu. Viatu vyako vijaze magazeti yenye unyevu, vitalegea.

Beti zote sita nimezisikia. Mnaimba vizuri, hasa wewe. Lakini haikubali. Majembe yanashuka na wimbo bado uko juu. Wimbo unashuka, majembe yako hewani. Nilipomwonyesha Roble akasema, "Hawa kina mama wanachimba silanga moja na kuimba silanga ingine."

Nimekaa na filamu hii miezi mitatu, Susu, naifahamu kuliko ninavyofahamu picha zangu za utotoni. Kila mtu ndani yake amegeuka miraba kwa sababu kila mtu yuko mbioni. Wanaoonekana safi, hata kope, ni wawili tu, mahali fulani katika mkebe wa pili. Wamesimama kando ya jiwe lao kwa dakika nzima na sekunde ishirini, wameshikana mabega, wamevunjika kwa kicheko. Mmoja ni yule mrefu. Mwingine ni mtu ambaye hakupumzika hata dakika moja.

Nilimuuliza mama. Akaniambia jina lake ni Mbinya, kisha akasema tuongee mambo mengine. Kwa nini kila mtu anataka kuongea mambo mengine?

Nahitaji kaseti nyingine kabla ya tarehe 25 Novemba. Stima siku hizi inapotea kila siku.

Wako,
Mumbua


Kathonzweni
7 Novemba 1999

Mumbua,

Mvua imenyesha, tumepanda. Viatu bado.

Mbinya alikuwa rafiki yangu. Anakaa ng'ambo ya silanga, unaweza kuona bati lake ukisimama mlangoni kwangu. Miaka ishirini na mmoja yeye huteka maji jioni nami huteka asubuhi, na hatujakutana hata siku moja. Jambo hilo linahitaji bidii kubwa kwa watu wanaotumia silanga moja.

Mwaka wa 1978, nilipokuwa nimeokoka juzi na nina moto kuliko jiko, nilisimama kanisani nikasema Mbinya amepiga ngoma ya kilumi, na kwamba anayewapigia mapepo ngoma hawezi kuimba kwaya. Ilikuwa kweli. Pasta wa wakati huo akamtoa kwenye kwaya mbele ya watu. Alibeba kiondo chake akaondoka, na mwethya pia akauacha. Kitu ambacho sikusema ni kwamba alipiga ngoma hiyo kwa ajili ya dada yake mgonjwa, baada ya hospitali mbili kushindwa, na dada mwenyewe ndiye aliyemwomba. Nilijua. Sehemu hiyo niliiacha nje. Unaona, hata mimi nilikuwa na mashine ya kufinya.

Naona aibu, mjukuu wangu. Usimwonyeshe mtu barua hii. Kesho nitavuka.

Ndila


Kathonzweni
21 Novemba 1999

Mjukuu wangu kipenzi,

Salamu! Salamu tena! Goti langu linakusalimu, limevuka ng'ambo na kurudi mara sita wiki hii na halijasema neno.

Nilimkuta Mbinya amekaa mlangoni anachambua pojo. Amezeeka, pengo limepata wenzake. Hakuinua macho.

"Nani?"

"Ni mimi, Ndila."

"Ndila mgani?"

"Ndila wa silanga."

"Ai, huyo? Mimi nilifikiria alihama."

Nilikuwa nimepanga hotuba kama ya siku ya wazazi, na yote ikapotea. Nikasema, "Mbinya, mimi nilikukosea. Nilijua ile ngoma ilikuwa ya dada yako, na nikanyamaza." Akaendelea na pojo zake mpaka ungo ukaisha, nami nimesimama juani na mkoba wangu. Halafu akasema:

"Mwethya inaanza saa ngapi?"

"Saa moja."

"Na mtu akichelewa?"

"Anapikia wengine."

"Hiyo sheria nani alitunga?"

"Ni mimi."

"Basi pika. Muthokoi. Siku ya sherehe, ya watu wote, hata hao walizaliwa juzi. Na usilete mdogo mdogo, umechelewa miaka ishirini na moja."

Hapo ndipo akanisogezea kigoda. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeamini hivyo kwa muda mrefu, mtu mzima niliyejenga silanga.

Kurekodi alikataa kufanyia kanisani. Alisema wimbo wa jembe haukai kwenye benchi. Kwa hivyo tulikwenda shambani kwake siku ya palizi, wanawake tisa tuliobaki, Nthenya akashika redio, na tukaimba tukilima. Yote anayakumbuka, majina yote, hata ya waliokufa. Kaseti ndiyo hii. Haraka.

Susu wako,
Ndila


Kitui
2 Desemba 1999

Susu mpendwa,

Wazima sote. Mtoto Timiro amenikojolea mara mbili, wanasema ni baraka.

Imekubali! Susu, imekubali! Jembe la kwenye kaseti linagonga na jembe la mwaka wa sitini na tisa linagonga. Ilibidi nivute sauti kidogo hapa na kuilegeza kidogo pale, basi. Roble alifunga duka mchana ili atazame, na hajawahi kulifunga hata kwa mvua ya mawe. Nimetuma sahani mbili za aina mpya kwa mashine ya pasta, moja ya shule, na kaseti ya chifu. Mimi siwezi kuja, Desemba ni harusi juu ya harusi na Roble hana mpiga picha mwingine. Nimelia kidogo, nimemaliza.

Kuna jambo moja. Nimehesabu majina. Uliniambia mlikuwa ishirini na watatu. Mbinya ameita ishirini na mawili. Katikati, baada ya Nthenya, pana nafasi ya jina moja ambapo hakuna anayeimba, ni majembe tu yanagonga. Na hapo hapo kwenye picha ndipo mmesimama nyinyi wawili mnacheka. Jina lako halimo, Susu.

Nilikuwa karibu kutafuta sauti mahali pengine nilibandike, mashine inaweza. Roble akanishika mkono. "Kitu mama ameacha, wewe usiweke." Nikaacha. Lakini nimekasirika kwa niaba yako.

Mumbua


Kathonzweni
13 Desemba 1999

Mumbua wangu,

Punguza hasira, kaa chini, nikuambie.

Tulikuwa watu zaidi ya mia tatu. Video ya chifu ilitafuna kaseti mwanzoni kabisa, ikatafuna na heshima ya chifu. Kompyuta ya shule ilifika kwa mkokoteni, na ikakumbukwa hapo hapo kwamba haina spika. Lakini mashine ya pasta, kwa jenereta ya kanisa, iliisoma sahani yako bila hata kukohoa. Watoto walikaa chini, wazee kwenye viti, na sisi wanawake wa mwethya mbele kabisa kama maharusi. Viatu nilivivua.

Mbinya alikaa kando yangu. Sauti ikatoka. Waliitwa waliokufa, kila mmoja kwa jina na alichokileta, na watoto wao wakajibu kutoka nyuma bila kuambiwa. Halafu tukaja sisi wawili, safi kama ulivyosema, tumesimama huku wenzetu wote wanakimbia na makarai. Ile nafasi ikapita, majembe yakagonga. Nikaangalia miguu yangu. Nilijua sitaitwa, nilikuwa bado sijapakua, na sheria ni yangu. Lakini kujua ni kitu kimoja.

Mtoto mmoja akapaza sauti: "Susu, si ulisema hukupumzika?"

Mbinya akamjibu, "Tulikuwa tunapima jiwe." Watu wakaangua kicheko mpaka jenereta haikusikika.

Nikapakua. Sufuria nne, Mumbua, nilikuwa nimezipika tangu Ijumaa. Mbinya aliletewa sahani ya kwanza. Akaonja, akatafuna taratibu, watu mia tatu wakimtazama. Akasema chumvi ni kidogo. Akamaliza, akaomba ya pili. Alipoimaliza hiyo pia akajifuta mdomo, akamwambia pasta, "Hebu rudisha hiyo picha."

Pasta akaianza tena. Nthenya akaitwa. Na nafasi ile ilipofika, Mbinya akasimama, akaimba kwa sauti ile ile ya zamani, yenye pengo na yote: Ndila! Ndila ameleta nini? Na wanawake wote wakajibu palepale, hakuna aliyewapanga: Ameleta muthokoi! Umekosa chumvi!

Nililia mbele ya kanisa zima, mimi mwenyekiti. Mbinya akanipiga begani akaniambia, "Kawia ufike."

Sasa tunateka maji saa sita, si asubuhi wala jioni. Ni saa mbaya, jua linachoma na ng'ombe wamejaa pale, lakini ndiyo tuliyokubaliana.

Jana nilimwomba Mbinya, naye akakubali, tukaazima redio ya Nthenya tena. Dereva wa basi atakupa kaseti nyingine. Ukiisikiliza utadhani ni tupu, ngoja kidogo. Ndani yake mna jina moja tu na jibu lake. Lishone mahali pake, na hilo, mjukuu wangu, tafadhali usilifinye.

Bibi yako,
Ndila wa silanga